Kopo ya Saba

Posho, 13 septemba

Mvula ya kwanza imenyesha leo, dakika ishirini tu, na Papa tayari amevuta botte zake za matope kutoka chini ya kitanda. Nikamwambia angoje kilima ikauke. Akanijibu: «Kopo haingojake mutu, Euphrasie.» Basi tukapanda.

Ninaanza kuandika kaye hii kwa sababu mwaka huu sina tena mutu wa kuelezea mambo yangu. Zamani nilikuwa ninamwelezea Gracien, mudogo wangu. Gracien hayuko tangu mwezi wa pili, wakati wa vita. Alikuwa anarudi kutoka Uvira. Alipofika Sange, njiani, akanipigia simu, akasema gari imesimama, watu wanakimbia, atanipigia tena wakifika mbele. Sijui ile mbele ilikuwa wapi. Ni miezi saba sasa. Hatukuona maiti, hatukuona mutu aliyemuona. Nilipiga namba yake kila siku mpaka mwezi wa tano, kisha nikaacha, na ninajichukia juu ya kuacha.

Kila posho, siku kabla ya ile ya misa, masomo ninayofundisha yakiisha saa sita, ninapanda na Papa kwenye sentier, njia ya kilimani. Comité ya quartier ndiyo iliichonga miaka sita iliyopita, baada ya mvula kubomoa manyumba kwenye korongo. Tulipanda grevillea na mikalitusi ili udongo ushikane, na katikati ya miti tukaacha njia ya kutembea, toka ukuta wa parokia mpaka kule juu ambako unaona ziwa lote na muji, Ibanda yote, miguuni. Gracien ndiye alileta mambo ya géocaching. Unaficha kopo fasi fulani, mahali pa siri, unaandika namba zake za GPS kwenye internet, na mutu yeyote wa dunia anaweza kuja kuitafuta. Akiipata, anaandika jina lake kwenye carnet, daftari ndogo iliyo ndani, anairudisha palepale. Ni hivyo tu, hakuna zawadi. Miye nilicheka sana. Papa hakucheka. Alikuwa géomètre, mupima udongo wa Serikali, miaka thelathini na mbili, akauliza kitu kimoja: «Nani atapima?» Wakapima pamoja, baba na mwana, kopo kumi na mbili za maziwa ya unga, kila moja imefungwa na kipande cha chambre à air, mupira wa ndani ya gurudumu, ili maji yasiingie.

Wageni hawaji tena. Toka mwezi wa pili hakuna jina jipya hata moja. Papa anapanda vilevile, anafungua kila kopo, anagusa karatasi kuona kama ni kavu, anafunga.

14 septemba

Mvula. Misa. Nimekosoa interro, majaribio ya darasa la quatrième. Watoto bado wanaweka Ekweta kule Kinshasa.

17 septemba

Tonton Évariste, mudogo wa Papa, amefika na kofia mukononi, nikajua ni mambo mazito. Ameomba tufanye kilio, matanga ya Gracien. Si kwa ubaya. Ni juu ya Charlène, bibi ya Gracien, anayekaa nyuma ya nyumba yetu na binti wao Bintu. Charlène ni muuguzi. Dada yake amemupatia kazi Goma. Lakini bibi ya mutu hawezi kuondoka na mutoto hivihivi kama bwana yake hajaliliwa. Kwao watasema amekimbia, na kwetu watasema vilevile. Toka mwezi wa pili yeye si mujane na si bibi ya mutu. Valizi zake za nguo ziko tayari kando ya mulango, na bado anafua nguo za Gracien kila mwisho wa mwezi ili zisinuke.

Papa alimwacha tonton aseme yote. Kisha akamwuliza:

«Évariste, unataka nilie mutoto wangu fasi gani? Nionyeshe fasi.»

«Kaka, fasi iko hapa, ndani ya nyumba.»

«Hapa hakufia. Nionyeshe fasi, hapo njo nitalia.»

Tonton akavaa kofia yake. Papa hakula jioni.

Posho, 20 septemba

Kopo ya saba iko ndani ya jiwe lililopasuka, chini ya grevillea yenye shingo imepinda. Ndani yake muko sahihi ya mwisho ya Gracien. *Gracien M., 1 februari, 1 684 m.* Altitude, urefu wa fasi toka bahari, alikuwa anaiandika kila mara kando ya jina. Hata kwenye mualiko wa ndoa yake aliandika altitude ya salle ya sherehe, na Charlène alimukasirikia wiki nzima.

Tabia ile aliipata kwa Papa. Tumelelewa na sheria za carnet ya terrain, daftari ya mupimaji: unaandika kile umepima, na haufute kamwe. Ukikosea unapiga mustari mumoja juu ya kosa, mumoja tu, ili kosa ibaki inasomeka. Unaandika ya kweli kando, unaweka paraphe, herufi za jina lako. Nilipokuwa na miaka tisa Papa alinikuta na gomme ya kufutia ndani ya carnet yake. Sitasema alinifanya nini, lakini mpaka leo sina gomme hata moja ndani ya sakosi yangu ya masomo.

Leo alisoma ile sahihi akifuata na kidole, kama mutoto wa première anayeanza kusoma.

Posho, 27 septemba

Mvula siku tatu. Papa amechukua musumari, ameongeza tundu mbili kwenye mukaba wake.

30 septemba

Papa anakula chai bila sukari na nusu ya kiazi, basi. Nimemupeleka kwa munganga wa lopitali. Munganga anasema hakuna ugonjwa. «Muzee anakataa tu, maman.» Lo, ile nilikuwa ninaijua bila kupanga foleni toka saa moja.

Posho, 4 oktoba

Nimefanya kitu.

Papa alikuwa na homa, nikapanda peke yangu. Kopo ya kwanza, ya pili, ya tatu, zote kavu. Nilipofika kwa ya saba nilikaa kwenye jiwe, nikatoa biki, nikaandika chini ya sahihi ya Gracien: *Gracien M., 2 oktoba, 1 684 m.* Miye ndiye nilimufundisha kuandika, ule mwaka walimu waligoma, kwenye meza ya jikoni. G yake ni G yangu.

Nilifikiri hivi: ataona, atakula, atapata nguvu, kisha tutaona. Kisha tutaona! Mwalimu wa jiografia wa miaka kumi na tisa, na sikuangalia hata hatua moja mbele.

Posho, 11 oktoba

Papa amefungua kopo ya saba mwenyewe. Nilikuwa nyuma yake, nikijifanya ninafunga kamba ya kiatu. Kisha nikasikia kitu nilichofikiri ni kikohozi. Alikuwa anacheka. Alikaa chini kwenye matope, na suruali yake ya misa, akacheka mpaka machozi.

«Kuya uone. Euphrasie, kuya uone! Iko muzima. Angalia altitude. Nani mwingine anaandikaka altitude?»

«Hakuna, Papa.»

«Hakuna!»

Na kwa nini haji nyumbani? Jibu alilipata mwenyewe kabla hatujafika kwa kopo ya nane. Wanaume wa umri wa Gracien wanatafutwa na watu wa silaha, basi anajificha, hataki kutuletea matatizo mulangoni. Anapita kilimani wakati hakuna watu, anatuachia alama. «Iko na akili, ule mutoto. Anajua miye njo nitasoma.»

Jioni alikula bugali mbili na samaki za sambaza na majani ya lengalenga, akaomba pilipili. Niandike kweli hapa angalau: nilifurahi sana. Niliimba nikiosha sahani.

12 oktoba

Sikumufikiria Charlène.

Asubuhi Papa amemwita uani, akamwonyesha foto ya carnet kwenye simu yake. Charlène alipiga magoti kwenye simiti, mikono juu ya kichwa. Alikaa vile mpaka Bintu akaja kumuvuta kanga. Kisha akaingia kwake, na nikasikia zipu za valizi zikifunguliwa, moja, mbili, tatu. Amerudisha nguo zote kwa etajere. Ameandikia dada yake kwamba kazi wamupatie mutu mwingine. Yote haya kabla ya saa nne.

Nilikuwa na muda wa kusema. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti kidogo ninachagua maharagi, hatua tano toka kwake. Niliendelea kuchagua.

19 oktoba

Papa ametoa action de grâce, sadaka ya shukrani, kwenye misa ya pili. Kuku moja, kikapo ya unga, na yeye mwenyewe akicheza mbele, polepole, toka mulango mpaka altare, miaka yake sabini na mine. Abbé Élie, padri wetu, akatangaza: «Familia Murhula inashukuru Mungu kwa neema ambayo jina yake haitasemwa.» Wamama wote wakapiga vigelegele. Tonton Évariste alikuwa anacheza nyuma ya Papa, na nje ya kanisa alimushika mikono miwili, akamuomba musamaha juu ya maneno ya kilio.

«Kaka, nilikuwa nataka kuzika mutu muzima.»

«Imeisha, Évariste. Imeisha kabisa.»

Nami niliitika Amina pamoja na wengine wote.

Posho, 25 oktoba

Papa ameacha shati chini ya jiwe la saba, ndani ya sachet mbili za plastiki. Ile nyeupe yenye mistari ya buluu, Gracien aliipenda sana. Charlène ameipiga pasi mara mbili.

27 oktoba

Nimepanda baada ya masomo, nimeichukua. Ingebaki pale, Papa angeelewa kwamba hakuna mutu, na angerudia chai yake bila sukari. Iko sasa kule kwenye masomo, pale ninafundisha, ndani ya armoire, kabati ya ramani, nyuma ya ramani ya Afrika. Bado inanuka pasi.

Posho, 1 novemba

«Ameichukua!» Papa amepiga kelele mpaka wamama wa kuni wakageuka. Ameacha viazi vitamu vya kuchemsha. Mvula.

3 novemba

Nimechukua viazi. Nilivila nikishuka, juu kutupa chakula ni zambi. Ni zambi! Ninajisikia ninacheka ninapoandika hivi, na si kicheko kizuri.

5 novemba

Mvula. Kule quartier ya Cimpunda korongo imekula njia. Papa ananenepa.

Posho, 8 novemba

Bintu amepanda na sisi, kwa mara ya kwanza. Alimuandikia babake barua kwenye karatasi ya kaye, akaweka mwenyewe ndani ya kopo. Papa akanipa nisome kwa sauti, juu miwani yake ilikuwa na mvula. *Papa, jino yangu ya mbele imetoka. Nakuachia uione. Kisha unirudishie.* Jino lilikuwa ndani, limefungwa na pamba.

Nilisoma mpaka mwisho. Sijui nilisomaje.

10 novemba

Nimechukua jino, iko ndani ya mufuko wa ile shati ya Gracien. Sijui tena namna ya kutoka humu. Nikisema leo, ninamuua Papa. Nisiposema, Charlène anazeeka pale nyuma ya nyumba, akipiga pasi shati za mutu ambaye hatazivaa, na Bintu anangoja jino. Kila siku ninasema kesho. Nilikuwa ninafikiri Papa ndiye muzito wa kuelewa katika nyumba hii.

Posho, 15 novemba

Nilikuwa na mutihani mpaka saa nane. Nilipofika nyumbani botte hazikuwa chini ya kitanda.

«Ameenda toka asubuhi,» Charlène akaniambia. «Anasema leo atamungoja, amuone na macho.»

Mvula ilikuwa inanyesha toka saa tatu, ile mvula ya novemba isiyopumua. Nilipanda nikikimbia, na viatu vya darasa. Kati ya kopo ya tano na ya sita njia haikuwako tena. Udongo ulikuwa umeshuka na miti yake, grevillea tulizozipanda sisi wenyewe zimelala vichwa chini. Nilipita juu kwa mikono na magoti, nikimwita. Nilimuona marehemu Mama mbele ya macho yangu, nikamuona Gracien, nikajisemea basi, Euphrasie, umeua wawili: Gracien uliyeacha kumupigia, na sasa Papa.

Alikuwa kwenye jiwe la saba. Wamama wawili wa kuni walikuwa wamemufunika na jani la mugomba na walikuwa wanamuvuta, lakini alikuwa ameshika jiwe. Midomo yake ilikuwa na rangi ya majivu. Aliponiona akaweka kidole kwenye mudomo.

«Shii. Utamukimbiza.»

Tulimubeba watatu. Wale wamama sikuwauliza hata majina. Iko lopitali sasa, mapafu yote mawili yameshikwa, na kifua chake kinalia kama mulango wa zamani.

16 novemba

Nimemwambia Charlène. Tulikuwa tumekaa kwenye korido ya lopitali, kwenye benchi, thermos ya uji katikati yetu. Yeye ndiye alianza. Alisema Gracien akisikia babake ni mugonjwa atatoka tu, hawezi kuvumilia, na pengine tumuachie neno kwenye kopo. Aliomba karatasi. Sakosi yangu ilikuwa imejaa karatasi.

«Charlène, si yeye aliyeandika.»

«Kuandika nini?»

«Ile sahihi. Ni miye. Tarehe ine, siku Papa alikuwa na homa.»

Nilifikiri atanipiga, na nilitamani anipige.

«Na shati?»

«Iko kwangu, kwenye masomo.»

«Na viazi? Yaya Euphra, weye njo ulikuwa unakula viazi?»

Nikasema ndiyo, miye ambaye ananiita Yaya, dada mukubwa. Hapo akainuka. Akaweka mikono kiunoni, akatembea mpaka mwisho wa korido, akarudi, akatembea tena. Mugonjwa mumoja akamwuliza kama anatafuta munganga. Aliporudi kwangu sauti yake ilikuwa ndogo.

«Nilikataa kazi juu ya biki yako. Nilimwambia mutoto wangu baba yake iko hai. Usiku nilikuwa ninaacha mulango bila kufunga. Unajua ni nini kuacha mulango wazi katika muji huu, mwanamuke na mutoto? Nilikuwa ninauacha.»

«Nilikuwa nataka Papa ale.»

«Na miye? Miye nilikuwa ninakula nini?»

Alichukua thermos, akaingia kwa Papa, akamunywesha uji kijiko kwa kijiko, akimuitika vizuri kila alichosema. Alipotoka akaniambia bila kuniangalia: «Utamwambia weye mwenyewe. Homa ikishuka tu. Usiponiambia kesho kwamba umesema, nitasema miye, na nitasema vibaya.»

17 novemba

Homa imeshuka saa tano. Nikafunga dirisha juu ya mvula, nikakaa kando ya kitanda, nikasema. Sikuzunguka. Nilisema tarehe, nilisema sahihi, shati, viazi, jino.

Papa alikuwa anaangalia mikono yangu.

«Ulitumia biki gani?»

«Ya buluu, Papa.»

«Na altitude uliitoa wapi?»

«Kwa mustari wake wa juu. Niliikopia.»

«Basi haukupima.»

«Hapana, Papa. Sikupima.»

Akageuza uso kwa ukuta.

18 novemba

Papa hajasema.

19 novemba

Papa hajasema. Anakula akilishwa na Charlène. Nikishika miye kijiko, anafunga mudomo.

20 novemba

Hajasema.

23 novemba

Tonton Évariste amekuja lopitali. Amejua yote. Nilingoja anitukane. Akanunua tu ndizi, akanipa moja, tukala tukiwa tumesimama kwenye baraza, tukiangalia mvula. «Mutoto ya kaka,» akasema, «kuko uongo ambao hata miye ningeusema.» Nililia mbele ya watu wote, na ndizi mukononi.

25 novemba

Hajasema. Nimefundisha latitude na longitude darasa la troisième. Mutoto mumoja akaniuliza: «Madame, na kama mutu ameandika namba za uongo?» Nikamwambia mutu atapotea. Nikawapa mazoezi, nikatoka nje kidogo.

28 novemba

Papa ametoka lopitali. Ndani ya taxi alikaa mbele, na miye nyuma na mabeseni. Hajasema.

2 desemba

Hajasema. Mvula imepungua.

Posho, 6 desemba

Nilirudi saa saba kasoro, nikamukuta mulangoni na botte mguuni na fimbo. Hakuniita. Alianza tu kutembea, na nikafuata hatua kumi nyuma, kama vile mutu anafuata mutu asiyemujua. Comité imetengeneza ile fasi iliyoanguka, wameweka mifuko ya muchanga na ngazi ya miti. Alipumzika mara ine. Mara ya tatu alinyoosha mukono nyuma bila kugeuka, nikauchukua, nikamusaidia kupanda ngazi, kisha akauachia.

Kwa kopo ya saba alifungua ile kamba ya mupira, akatoa carnet, akatafuta ukurasa. Akaiweka juu ya jiwe. Akatoa biki kwenye mufuko wa koti na règle yake ya chuma ya kupigia mistari, ile ya kazi.

«Miye siwezi kupiga mustari,» akasema. Siku kumi na tisa sikuwa nimesikia ile sauti. «Aliyekosea njo anapiga. Mustari mumoja.»

Nikaweka règle. Nikapiga mustari mumoja juu ya *Gracien M., 2 oktoba, 1 684 m.* Haukuficha kitu, kila herufi inasomeka, na itasomeka siku zote na mutu yeyote atakayekuja na GPS yake toka mwisho wa dunia. Kando nikaweka paraphe, E. M., na tarehe ya leo. Papa akainama akaangalia. Sahihi ya kweli, ile ya februari, ilikuwa juu yake, peke yake tena, ya mwisho.

«Sasa ninajua fasi yake ya mwisho,» akasema. «Mpaka leo nilikuwa sijui.»

Akalia. Alilia na kichwa kwenye jiwe, akimwita mutoto wake kwa Mashi, luga yetu, maneno ambayo mutu anaambia mutoto wa mugongoni. Ni kulia huku njo nilikuwa nimemunyima miezi miwili. Nilikaa kando yake kwenye matope mpaka akamaliza.

Tulipokuwa tunashuka akauliza: «Shati iko wapi?»

«Kwenye armoire ya ramani.»

«Ilete. Tutazika ile.»

10 desemba

Tumemulia Gracien siku mbili chini ya bâche iliyofungwa uani, na leo tumeizika shati yake kando ya kaburi ya Mama. Charlène aliipiga pasi mara ya mwisho. Jino aliliacha ndani ya mufuko. Bintu aliuliza: «Basi hatanirudishia?» Charlène akamwambia: «Hapana, mama. Babako atabaki nayo.» Bintu akafikiri, akakubali kwa kichwa.

Udongo ulipokwisha kurudishwa Abbé Élie alitaka kufunga sala, lakini Papa aliinua mukono. Akatoa GPS yake ya zamani ndani ya mufuko wake wa ngozi. Watu wakangoja, mvula ndogo ikinyesha. Nilifikiri atapima. Akanigeukia mbele ya familia yote, mbele ya tonton na Charlène, akaniwekea GPS mukononi.

«Leo utapima weye.»

Nikasimama juu ya udongo mupya. Satelite zilichelewa. Ilikuja moja, mbili, tatu, nikangoja ya ine, hakuna mutu aliyeharakisha, hata watoto walinyamaza. Namba ya altitude ilipotulia nikaisoma kwa sauti. Sauti ilikatika katikati, nikairudia toka mwanzo, juu Papa hakubali namba ya nusu.

12 desemba

Charlène na Bintu wamepanda bato ya Goma. Ile kazi bado ilikuwa inangoja, Mungu ni mwema. Kwenye bandari hakunikumbatia. Aliponipa mukono aliushika muda kidogo. «Utaniandikia, Yaya,» akasema. «Lakini ya kweli tu.» Nikamwambia ya kweli tu. Nilikaa pale mpaka bato ikageuka nyuma ya peninsula.

Posho, 13 desemba

Mvula asubuhi, jua saa saba. Tumepanda. Kopo zote kumi na mbili ni kavu.

Kwa ya saba Papa alikaa kwenye jiwe, akaandika chini ya kosa langu. Aliandika polepole, na zile herufi zake za plan, michoro ya Serikali, kisha akanipa nisome kwa sauti, nione kama kweli iko sawa:

*Gracien Murhula, 10 desemba, 1 571 m. Amepima: dada yake.*

Nikamwambia iko sawa, Papa. Akafunga kopo.